Muulize Fundi: Taa inawaka, honi imenyamaza

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni opereta wa boila katika kiwanda cha sabuni na mafuta ya kula hapa Dar es Salaam. Paneli yetu ina madirisha 24 ya taa na honi moja juu yake, na mwaka juzi tuliongezewa kompyuta inayoonyesha mitambo yote kwenye skrini. Usiku mmoja iliingia alamu ya tangi la chumvi, lile la kulainishia maji. Honi ikalia, nikainyamazisha. Taa ikabaki inawaka kwa sababu sensa ya tangi hilo ni mbovu, kila mtu kiwandani anajua. Saa tisa usiku maji ya boila yakashuka. Taa yake ikawaka, lakini honi haikulia kabisa. Nilikuwa nimeipa paneli mgongo, najaza daftari la zamu, nikashtuka boila ilipojizima yenyewe. Asubuhi msimamizi akaniuliza, "Taa ilikuwa inawaka, wewe ulikuwa unaangalia nini?" Nimepewa barua ya onyo. Je, honi na taa si zinatakiwa kwenda pamoja? Na kosa ni la nani?
Opereta wa zamu ya usiku, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mshukuru Mungu, halafu ishukuru ile swichi ya pili ya kina cha maji, ile inayokata moto bila kumwomba mtu ruhusa. Ingekuwa mbovu kama sensa yenu ya chumvi, tungekuwa tunazungumzia mirija iliyoungua, au jambo baya zaidi, siyo barua ya onyo.

Ugonjwa wa paneli yenu naujua. Nimeukuta kwenye viwanda vya nguo, vya saruji na vya maji ya kunywa, na kila mahali wanaolaumiwa ni watu wa zamu ya usiku. Honi yenu imefungwa kwenye ishara ya jumla. Aliyeifunga alizikusanya alamu zote 24 zikawa ishara moja tu inayosema "kuna alamu". Ishara hiyo ikija, honi inalia. Ukibonyeza kitufe cha kunyamazisha, honi inafungwa mpaka ishara ile iondoke. Sasa usiku ule iondoke vipi, wakati alamu ya tangi la chumvi imekwama inawaka tangu ilipoingia? Maji ya boila yaliposhuka, ishara ya jumla ilikuwa ipo tayari. Kwa upande wa honi hakuna jambo jipya lililotokea. Sensa ya chumvi ndiyo iliyoinyima sauti alamu ya maji ya boila.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, zinatakiwa kwenda pamoja, lakini siyo kwa namna wengi wanavyodhani. Wengi hudhani maana yake ni kwamba taa ikiwaka honi ilie, taa ikizima honi inyamaze. Hapana. Waswahili husema la mgambo likilia kuna jambo. Kazi ya honi inaishia hapo: kukugeuza shingo. Jambo lenyewe unalisoma kwenye taa. Ndiyo maana honi inanyamazishwa mapema ili watu wasikilizane, lakini taa haizimwi na mtu. Inazimwa na hitilafu kwisha. Na kila alamu mpya inapoingia, hata kama nyingine kumi zimeshapokelewa na zinawaka, honi lazima ianze upya.

Tazama taa yenyewe inavyotakiwa kufanya kazi. Alamu inapoingia, dirisha linamweka, yaani linawaka na kuzima, harakaharaka na honi inalia. Unanyamazisha honi, dirisha linaendelea kumweka. Unabonyeza kitufe cha kupokea, yaani unakiri kwamba umeona. Sasa linatulia na kuwaka bila kumweka, maana yake hitilafu ipo na kuna mtu anaijua. Hitilafu ikiisha, kuna njia tatu. Kwenye paneli nyingine dirisha linazima lenyewe. Kwenye nyingine linabaki linawaka mpaka uriseti, ili jambo lililopita wakati uko msalani lisipotee. Na kwenye nyingine linamweka polepole kwa mlio mwingine mdogo, kukuambia kwamba hali imerudi sawa. Mfuatano huu haukubuniwa na fundi wa mtaani. Umo kwenye kiwango cha ISA-18.1 cha mwaka 1979 huko Marekani, na paneli nyingi za madirisha utakazozikuta kwenye viwanda vyetu vya zamani zimejengwa hivyo. Tuliozoea paneli zile tulikuwa tukiingia chumbani tunajua kwa kutupa jicho mara moja: kinachomweka hakijashughulikiwa, kilichotulia kina mwenyewe.

Zikaja PLC, yaani kompyuta ndogo za kuendesha mitambo, na kompyuta za skrini, watu wakaandika programu kwa haraka, na adabu hiyo ikaachwa. Fundi wenu hahitaji kununua kitu. Ndani ya programu, kila alamu itoe pigo lake moja fupi la ishara pale inapoingia, mapigo hayo ndiyo yaiwashe honi na kuishikilia, na kitufe cha kunyamazisha kiiachie. Basi. Alamu iliyokwama juu haitoi pigo la pili, kwa hiyo haiwezi kuwazibia wenzake njia. Ni kazi ya asubuhi moja, pamoja na majaribio.

Hayo majaribio fanyeni ninyi maopereta, msimwachie fundi peke yake. Mwambieni aitengeneze alamu moja ya uongo, mnyamazishe honi na kuipokea. Bila kuiondoa, aingize ya pili. Honi ikilia na dirisha la pili likimweka huku la kwanza limetulia, mko salama. Honi ikikaa kimya, mmemkamata. Kisha jaribuni upande wa skrini: mkipokea alamu kwenye kompyuta, dirisha la paneli linatulia? Hukusema, lakini naweza kukisia kwamba halitulii. Viwanda vingi vilivyoongezewa kompyuta juu ya paneli ya zamani vina vitufe viwili visivyojuana. Opereta anapokea kwenye skrini, paneli inaendelea kumweka usiku kucha, na baada ya mwezi hakuna anayeiangalia tena. Kitufe kiwe kimoja, au viwili vinavyofanya kazi moja. Na kila mwanzo wa zamu bonyeza kitufe cha kujaribu taa. Paneli nzuri za zamani ziliwekewa globu mbili kila dirisha, ili moja ikiungua usiachwe gizani. Zenu sijui, hesabu mwenyewe.

Kuhusu kosa. Barua ya onyo ingeandikwa kwa paneli kama paneli ingejua kusoma. Opereta anaandika daftari kwa sababu kazi yake ni kuandika daftari, na honi iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyegeuka. Mpelekee msimamizi matokeo ya jaribio hilo, kwa maandishi, na nakala kwa mtu wa usalama. Lakini kuna sentensi yako moja siipitishi: "kila mtu kiwandani anajua". Sensa mbovu inayojulikana na kila mtu huwa haina wa kuitengeneza. Ipo kwenye daftari la matengenezo? Kama haipo, iandike leo.

Halafu nakuonya mapema, kwa sababu najua kitakachofuata. Msimamizi akisoma jibu hili atasema, "Sawa, basi kila kitu kilie, na kila kitu kiwe chekundu." Mkatalie kwa heshima. Julai 24, 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, kilipata mlipuko uliojeruhi watu 26. Wachunguzi walikuta kwamba katika dakika 10.7 za mwisho kabla ya mlipuko maopereta waliletewa alamu 275. Na katika alamu 2,040 zilizokuwa kwenye mfumo, asilimia 87 zilipangwa kuwa za daraja la juu. Sasa mtu asome ipi? Honi ya namna hiyo haimwiti tena mtu. Inamzuia kufikiri, naye anabaki kubonyeza kupokea, kupokea, kupokea, ili apate utulivu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1999, ukatoka mwongozo wa Waingereza kuhusu mifumo ya alamu, EEMUA 191, ambao mpaka leo mafundi wa alamu wanaapa nao. Unashauri kwamba katika kila alamu 100, takriban 5 tu ziwe za daraja la juu, 15 za kati na 80 za chini, na kwamba siku ya kawaida opereta asiletewe zaidi ya alamu moja kila dakika 10.

Kwenye paneli yenu ya madirisha 24, ningeweka nyekundu mbili, labda tatu: maji ya boila, mgandamizo wa mvuke, na moto kuzimika. Hizo ziwe na mlio wake wa haraka na kumweka kwa haraka. Njano ziwe na mlio wa taratibu. Tangi la chumvi? Liwashe taa tu. Likiisha chumvi saa tisa usiku, utafanya nini kabla ya saa moja asubuhi? Kama hakuna la kufanya sasa hivi, hakuna sababu ya honi. Milio isizidi mitatu. Ya nne hakuna atakayeikumbuka akishtushwa.

Mwisho, pale kwenye boila penyewe. Honi inatakiwa kuizidi kelele ya mahali ilipo kwa desibeli 15 na zaidi, ndivyo kisemavyo kiwango cha ISO 7731. Kama mashine zenu zinapiga desibeli 90 na watu wamevaa vizibo vya masikio, msikimbilie kuweka honi ya kupasua kichwa. Wekeni taa ya kuzunguka, juu, inayoonekana hata mtu akiwa nyuma ya pampu, na iwe na rangi ileile ya dirisha la kwenye paneli. Honi kali sana ina mwisho mmoja: inazibwa kwa tambara. Nimeyatoa matambara mengi kwenye honi za watu. Kabla hujamfokea aliyeliweka, muulize honi ile ilimlilia bure mara ngapi. Kwenye Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta ulioteketea Ghuba ya Mexico mwaka 2010 na kuua watu 11, fundi mkuu wa elektroniki alitoa ushahidi kwamba alamu kuu ilikuwa imezuiwa kujilia yenyewe ili watu wasiamshwe usiku na alamu za uongo. Hilo nalo ni tambara, ila limeandikwa kwenye programu.

SWALI: Fundi, salaam kutoka Mombasa. Kwenye kisima chetu cha kusukuma maji, taa ya pampu namba mbili inawaka kijani kuonyesha inafanya kazi, lakini ukienda pale utaikuta imesimama. Hakuna king'ora wala nini. Fundi wa hapa asema taa haina kasoro.
Msomaji wa Likoni

JIBU: Fundi wenu asema kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Taa haina kasoro. Swali ni imefungwa wapi. Bila shaka imefungwa kwenye amri ya kuwasha. PLC ikisema "pampu, washa", taa inawaka kijani, iwe pampu imetii au la.

Taa ya namna hiyo ina historia mbaya. Machi 28, 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya kupunguza mgandamizo ilikwama wazi. Taa yake kwenye paneli ilizima, maopereta wakaamini vali imefunga. Kumbe taa ilionyesha tu kwamba umeme wa kuifungua umekatwa. Vali yenyewe haikuulizwa. Maji yaliendelea kuvuja kwa zaidi ya saa mbili, huku alamu zaidi ya 100 zikiwa zimewavamia katika dakika chache za mwanzo, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Mwambie fundi aifunge taa kwenye ushahidi wa kazi: angalau kontakta (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota) iliyoshika, na bora zaidi swichi ya mkondo wa maji kwenye bomba la kutokea, kwa sababu kontakta inaweza kushika huku shafti imekatika. Kisha king'ora kitokane na tofauti ya hivyo viwili. Amri imetoka, sekunde kumi zimepita, maji hayapiti: hapo kijani kizime, njano imweke, king'ora kilie. Hizo sekunde msizisahau, la sivyo kitalia kila mnapowasha na mtatafuta tambara.

SWALI: Shikamoo. Mwenzetu mmoja hatofautishi nyekundu na kijani. Anafaa kukaa kwenye paneli?
Arusha

JIBU: Marahaba. Anafaa, kama paneli inafaa. Rangi isiachiwe kazi peke yake. Nyekundu iwe na nafasi yake isiyohama, safu ya juu kushoto kwa mfano, imweke kwa kasi yake, iwe na mlio wake, na dirisha liandikwe maneno yanayosomeka kutoka kitini: MAJI YA BOILA CHINI, siyo namba ya sensa kama LSL-204. Mjaribuni kwa alamu ya uongo pamoja na wenzake wenye macho ya kawaida. Akichelewa kuliko wao, rekebisheni paneli kwanza ndipo mzungumze habari ya kumhamisha.