Siku ya kupanda Uluguru na wanaojifunza Kiswahili: tafuteni njia inayoruhusu watu kuongea

Mkuu, nimekuelewa. Mna kikundi hapo Morogoro, wenyeji na wageni wanaojifunza Kiswahili, na mnataka siku moja ya kupanda mlima ili wageni waongee na kila upande ujue kidogo mambo ya mwenzake. Umeuliza mpite njia gani, mfanye nini watu wasijitenge makundi makundi, na kama inafaa kuchapisha fulana. Nimeshiriki kuandaa matembezi ya aina hiyo hapo hapo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Nianze na njia, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Vijana wakisikia Uluguru wanataka Lupanga, kwa sababu kilele kile cha mita 2,138 kinaonekana kutoka mjini na kila mtu anataka kusema amefika. Lupanga ni kuzuri, ila kwa shughuli yenu hakufai. Mnaingia msituni, njia inakuwa nyembamba, mnapanda kwa kushika mizizi mmoja nyuma ya mwenzake. Mtu anayejifunza lugha anataka amwone usoni anayeongea naye, halafu anataka pumzi. Kule utasikia kuhema tu na "bado mbali?" Mkirudi jioni wageni watakuwa na picha nzuri na hawajasema sentensi ishirini.

Nendeni Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Sehemu kubwa ya njia ni pana, wawili wanatembea bega kwa bega bila kusukumana. Inapita kwenye makazi na mashamba, migomba na bustani za mboga kwenye miteremko, na muda wote mnapishana na watu. Kwa mwendo wa kuzungumza, wekeni saa mbili hadi tatu za kupanda. Anayetaka Lupanga aende siku nyingine na wenzake wa mazoezi.

Wale mnaopishana nao ndio somo lenyewe, na halilipiwi. Asubuhi mtakutana na akina mama wanateremka na mizigo kichwani kupeleka Soko la Chifu Kingalu. Waambieni wageni kabla ya kuondoka: aliyebeba mzigo anapishwa, na mwenye kupanda bila mzigo ndiye anayesogea pembeni. Mzee anapewa shikamoo, na anayemwamkia asikimbie baada ya marahaba, asubiri, kwa sababu mzee atauliza mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Mgeni akijibu maswali hayo kwa watu kumi tofauti kabla ya saa nne asubuhi, ulimi unalegea wenyewe. Wengi huja na "jambo" waliyoizoea hotelini, na nimeona mgeni akiiacha kabisa kabla hatujafika nusu ya njia, bila mtu yeyote kumkosoa. Picha za watu bila ruhusa, hapana. Pipi kwa watoto, hapana pia. Ukigawa leo, kikundi kijacho kitafuatwa na watoto hadi juu.

Sasa kujitenga. Watu hawajitengi kwa roho mbaya, wanajitenga kwa uchovu: lugha ya kujifunza inachosha, na mwenzako wa lugha moja yuko hatua mbili mbele yako. Kwa hiyo msiwaachie wapange wenyewe. Wapangeni wawili wawili tangu mnapoanzia, mwenyeji na mgeni, na mbadilishe kila mnapopumzika. Wageni wasizidi wenyeji hata kidogo, wakizidi tu Kiingereza kinashinda. Kikundi kikipita watu ishirini, kigawanyeni viwili na viondoke kwa kupishana nusu saa.

Kosa ninaloliona kwa waandaaji wengi ni kualika wenyeji wa aina moja tu: wanafunzi wa chuo. Ni watu wazuri na wachangamfu, lakini mgeni akikwama kidogo wao wanamalizia kwa Kiingereza, kwa nia njema kabisa. Tafuteni wasiokijua au wasiokipenda. Fundi seremala, mama lishe, dereva wa bodaboda aliyeamua kupumzika siku hiyo, mwalimu mstaafu ambaye magoti yake bado yanamruhusu. Mgeni akiwa na mtu kama huyo hana pa kukimbilia, itabidi aeleze kwa mikono, azunguke, aulize tena. Faini ya kuongea Kiingereza niliwahi kuona ikitumika mahali, shilingi mia tano kila neno. Watu walicheka nusu saa, kisha wakanyamaza. Mtu anayeogopa faini haongei.

Ila hao wanafunzi wa chuo msiwasahau, na msijifanye hamjui kilichowaleta. Wengi wanataka mazoezi ya Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, na ni haki yao, vinginevyo mtakuwa mmewafanya walimu wa bure na kuita hiyo kubadilishana utamaduni. Wapeni sehemu yao waziwazi: kwa mfano, kuanzia mapumziko ya kwanza hadi ya pili, jozi zile zilizokubaliana zinatumia lugha ya mgeni. Ikiisha, imeisha.

Kuna jambo dogo la pumzi ambalo limetusaidia kuliko kadi za maswali. Kwenye kipande kikali, mwenyeji ndiye anayesimulia na mgeni anasikiliza, akijibu "ndiyo" na "halafu?" Kwenye tambarare wanabadilishana. Wakati wa kushuka, mgeni ndiye msimulizi. Kushuka ndiko kunakofungua midomo: pumzi imerudi, mmeshakula pamoja, aibu imebaki juu. Asiposimulia wakati huo hatasimulia tena.

Na wasimulie nini? "Unaipenda Tanzania?" lina jibu moja tu, lipigeni marufuku. Maswali yanayofanya kazi ni ya mambo ambayo watu wana msimamo nayo: kwenu nani anagharamia harusi, mtoto anapewa jina na nani, ukifiwa majirani wanafanya nini siku ya kwanza. Uluguru wenyewe unawapa mada. Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo imekuwa ikifuata huko huko. Mkipita kwenye shamba, muulizeni mwongoza njia ni la nani. Mara moja swali hilo lilizaa mjadala ambao hakuna mwandaaji angeweza kuupanga: Mchaga mmoja haelewi itakuwaje mjomba awe na sauti kuliko baba, Mluguru anamwuliza kwani baba ana uhakika gani, dada mmoja kutoka Ubelgiji anataka kujua mume akihamia kwa mke anaishi kama mgeni mpaka lini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga na hakuna aliyekijali, kwa sababu kila mtu alikuwa anasubiri zamu yake ya kubisha.

Halafu utani. Msiuzuie, ila andaeni mtu wa kuueleza. Tulikuwa na Mnyamwezi aliyeteleza akakaa chini, hakuumia. Mzaramo nyuma yake akaanza kumlilia kwa sauti kama msibani, akataka viatu vyake vigawiwe mapema kabla ndugu hawajafika. Mgeni mmoja akageuka rangi, akadhani ni ugomvi. Kumweleza kwamba hawa ni watani, kwamba Mnyamwezi angeudhika kama asingeliliwa, na kwamba siku ya msiba wa kweli mtani ana kazi zake zinazotambulika, kulichukua njia nzima hadi mapumziko yaliyofuata. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiswahili, maana aliyekuwa anaeleza hakuwa na lugha nyingine aliyoimudu.

Kuhusu kusahihisha, mwambieni kila mwenyeji asahihishe kile tu kilichomzuia kuelewa. "Miti mkubwa" ipite. Akikatizwa kila sentensi, mgeni atachagua sentensi fupi, na mwisho atachagua kunyamaza.

Siku. Epukeni masika, Machi hadi Mei, udongo ule ukilowa unateleza vibaya. Juni hadi Septemba ni kuzuri, kuna baridi kidogo asubuhi. Jumamosi mtawakosa Wasabato, Jumapili mtawakosa wengi wa makanisa mengine, kwa hiyo sikukuu ya serikali ni bora. Mimi ningechagua 7 Julai: ni Saba Saba, watu hawaendi kazini, na tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 ndiyo pia Siku ya Kiswahili Duniani. Nane Nane iacheni, maonyesho ya Kanda ya Mashariki yako hapo hapo Morogoro na vyumba vya kulala vinakuwa shida kwa wanaotoka mbali. Wanaotoka Dar waje na treni ya SGR, lakini wakate tiketi mapema na wajue kwamba stesheni haiko katikati ya mji, kuna safari ya bajaji bado.

Toeni taarifa serikali ya mtaa kabla, na ulizeni ofisi ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kama njia yenu inaingia hifadhini, kwa sababu viingilio vya raia na wasio raia ni tofauti. Hapo ndipo ugomvi wa hela huanzia. Tulivyozoea sisi ni hivi: kiingilio kila mtu ajilipie chake, lakini mchango wa chakula na mwongoza njia uwe sawa kwa wote. Mkianza kuwatoza wageni mara tatu "kwa sababu wanazo", mmeshatengeneza wateja na wahudumu, na wateja hawajifunzi lugha.

Chakula kipikwe, msinunue vya pakiti. Mihogo, viazi, chapati, ndizi za kuchemsha, chai kwenye chupa. Wageni nao walete cha kwao walichopika, hata kama kitaungua. Nguruwe asiwepo kabisa, siyo kuwekwa pembeni. Anzeni kushuka ifikapo saa saba, mawingu yakishuka mapema mtafurahi kuwa mmeshatoka.

Fulana acheni. Kikundi cha watu kumi na sita waliovaa rangi moja kinaonekana kama mradi, na watu wa njiani wanawajibu kama mradi: wanauliza mmeleta nini. Hela hiyo muongezeeni mwongoza njia.