Behewa mmekodi, treni hamjakodi: kwa madogo mnaoanza kupeleka magrupu

Juzi nilimsindikiza mama mdogo pale stesheni ya TAZARA, ile reli ya Dar kwenda Zambia, anaenda zake Ifakara, nikawakuta madogo wawili wanapakia grupu kwenye behewa la kukodi. Fulana za kijani kila mtu, spika inapiga, raha tupu. Mmoja anahesabu watu kwa kidole huku anaongea na simu, akafika mwisho akapiga kelele "thelathini, fulu!" Nikaangalia vizuri, kijana wa jikoni naye kavaa fulana ya kijani. Moyo ukanipiga paa. Hii filamu nimeshaigiza mimi, tena ndo nilikuwa stelingi. Kwa hiyo kaeni hapa niwaambie.

1. Behewa mmekodi, treni hamjakodi. Hili naona hamlielewi kabisa. Mmefungwa mkiani mwa treni ya watu, ina ratiba yake, ina gadi wake, na reli yenyewe ni moja, mnasimama kupishana na treni za mizigo mpaka mpewe njia. Mgeni akitaka "dakika tano tu apige picha" hiyo si dakika yako kuigawa. Msijilinganishe na Rovos Rail, ile treni ya kifahari ya watalii ya Afrika Kusini, wale wanatoka Cape Town mpaka hapa Dar na treni nzima na bado reli moja inawasubirisha kama nyie. Kuna mgeni toka Marekani aliniambia kwao kuna watu wana mabehewa yao kabisa, wanayafunga nyuma ya treni za Amtrak, shirika lao la treni za abiria, wanalipia kwa maili, halafu 2018 Amtrak ikawabana, mabehewa yakabaki yamepaki. Mtu na behewa lake! Sasa wewe wa kukodi unamfokea stesheni masta una nini.

2. Kuhesabu watu. Hapa ndo penyewe.

Enzi hizo nina grupu la watu 22, wastaafu na ndugu zao, tumewachukua New Kapiri Mposhi kule Zambia tunarudi nao Dar, kilomita 1,860. Siku ya kwanza nikagawa fulana za njano, zikabaki mbili, nikaona zisikae bure nikawapa vijana wawili wa jikoni, wakafurahi kweli, na mimi nikajiona bonge la kiongozi. Tukavuka boda ya Tunduma usiku, watu wamechoka na mambo ya pasi, mimi mwenyewe usingizi umenikaba, nikasahau kutangaza kitu kimoja kidogo tu, kwamba Tanzania tuko mbele ya Zambia kwa saa moja.

Asubuhi Mbeya. Kichwa cha treni kinabadilishwa, gadi akaniambia tunatoka saa nne kamili. Nikapita vyumba vyote natangaza saa nne, saa nne jamani, kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Sasa kulikuwa na mzee mmoja na mkewe, mzee ana saa yake ya mkononi anayoiamini kuliko serikali, na ile saa bado iko Kapiri. Mama anataka mchele wa Kyela. Stesheni ya Mbeya iko nje ya mji, wakachukua bajaji wakaenda zao mjini polepole, wana saa nzima ya ziada ambayo duniani haipo.

Saa nne kasoro dakika tano nikahesabu. 22. Nimehesabu fulana, wadogo zangu, sikuhesabu sura. Nikamwinulia gadi dole gumba, filimbi ikalia, tukaondoka.

Mchana wali ukatoka jikoni sahani 22, zikabaki mbili. Nikamuuliza kijana wa jikoni nani hajala, akasema wale wa chumba namba sita tangu asubuhi sijawatia machoni. Nikaiangalia ile fulana ya njano kifuani kwake, tumbo likanishuka mpaka magotini. Nikapiga simu ya mama, ikaita. Nikaisikia inaita. Chumba namba sita, chini ya mto, ipo kwenye chaji. Ya mzee haipatikani, laini ya Zambia. Nikakimbia kwa gadi namwomba arudishe treni, yaani mimi na akili zangu nilimwomba mtu mzima arudishe treni! Akacheka, halafu akaona silii kwa utani, akaniambia binti, nyuma yetu kuna mzigo unakuja, kaa chini unywe maji.

Na hapa ndo kuna kosa ambalo sijawahi kulisema ofisini. Dada yake yule mama alikuwa chumba cha jirani, akaniuliza mbona hawa leo wamelala sana, nikamwambia wamechoka mama, waache wapumzike. Mtu wa umri wa mama yangu, namdanganya machoni, kisa naogopa. Nikakaa hivyo karibu masaa matatu, kila akipita na chai yake ananitabasamia.

Tunaingia Makambako nimening'inia mlangoni, nikawaona. Mzee kakaa juu ya gunia la mchele, mama kasimama kakunja mikono. Barabara ya lami inatoka Mbeya mpaka Makambako, wao wamekodi Noah wametupita huko njiani hata hatujui. Mzee wala hakunigombeza, alininyooshea tu mkono wenye saa, akasema "binti, hii haijawahi kuniangusha", akapanda na gunia lake. Laki mbili na nusu ya Noah nikalipa mimi, posho ya safari nzima kwishnei. Dada mtu hakunisemesha mpaka Dar, na hadi leo tukikutana Kariakoo ananisalimia kwa kidevu.

Kwa hiyo hesabu kwa majina, karatasi mkononi, mtu aitike na umwone uso, na ukivuka boda tangaza saa mara tatu.

3. Reli siyo reli. Dogo mmoja kawaahidi wateja kwamba behewa lao litawatoa Mbeya mpaka Dodoma bila kushuka. Kwa muujiza gani? TAZARA upana kati ya chuma na chuma ni milimita 1,067, reli ya kati inayopita Dodoma 1,000, SGR, ile mpya ya umeme, 1,435. Hiyo tofauti ya TAZARA na reli ya kati ni kama vidole vinne tu, lakini kwa hivyo vidole vinne huendi popote, ndo maana pale Kidatu pakawekwa sehemu ya kuhamishia mizigo. Halafu mwandikie mgeni jina la stesheni, TAZARA ni Nyerere Road pale flaiova ya Mfugale, ukimwambia "njoo stesheni" tu tangu SGR ianze 2024 atakwenda mjini, na kutoka mjini na foleni ile, mwombee.

4. Choo hakitumiki treni ikiwa imesimama stesheni. Behewa la zamani linamwaga chini, sitaki maswali.

5. Msiahidi wanyama. Mnapita Hifadhi ya Nyerere, ile iliyokatwa toka Selous 2019, wanyama wapo ila hawana mkataba na nyie. Nilishabeba kwaya ya akina mama, waliimba toka Yombo mpaka Kisaki bila kupumua, twiga watatu wakapita dirishani na aliyewaona ni mtoto wa miaka sita peke yake. Hakuna aliyemwamini mpaka leo. Mimi namwamini.

6. Kati ya Mlimba na Makambako ni milima, mahandaki na madaraja yamefuatana, hapo vichwa ndani na milango ifungwe, hata kama mteja ni mkubwa wa nani.

Nikarudi kwa wale madogo. Nikamwambia yule wa simu, mdogo wangu, hesabu tena kwa majina na huyo wa jikoni mvue fulana. Akaniangalia kama shangazi aliyekuja harusini bila kadi, ila akatoa karatasi, akaita mmoja mmoja, ikatoka ishirini na tisa. Mtu mmoja alikuwa nje ananunua korosho. Wakamvuta ndani, dogo akafurahi, akahesabu tena kwa kidole, akapata thelathini na moja.

Alikuwa amenihesabu na mimi.