Shangazi, nilitetemeka hadi nikashindwa kufungua helmeti

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Mtwara, mume wangu ni mtu wa Mbinga. Desemba iliyopita alinishawishi twende kwao kwa pikipiki, sisi wawili tu, watoto tukawaacha kwa mama. Nilikubali kwa furaha. Tulilala Masasi. Kesho yake tukapita Tunduru jua likiwa kali, lakini tulipokaribia Namtumbo mbingu ikawa nyeusi na mvua ikatukuta. Nilimgonga mgongoni mara nyingi, hakusimama. Tulipofika Namtumbo vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikashindwa kufungua mkanda wa helmeti. Yeye alikuwa anaangalia mizigo. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyenifungua ule mkanda. Nikasema sipandi tena pikipiki, mume wangu akanijibu, "Si ulitaka mwenyewe kuja?" Nikapanda basi mpaka Songea. Nilikaa siti ya nyuma, nikawa naiona taa ya pikipiki yake ikitufuata njia nzima. Kurudi Mtwara kila mtu alirudi kivyake, na tangu hapo tunaongea habari za ada na mboga tu. Sasa anataka twende Dar mwezi wa nne, ananiambia, "Unaenda au unaogopa?" Dada yangu anasema mwanamume asiyeweza kumfungulia mkewe hata mkanda wa helmeti hana mapenzi. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Mtwara*

Marahaba mwanangu.

Mvua umeiandika kwa maneno machache, lakini mkanda wa helmeti umeutaja mara tatu. Basi tuanzie hapo. Kilichokuuma ni kwamba mikono ya mtu usiyemjua ilifika kidevuni kwako kabla ya mikono ya mumeo. Maumivu hayo ni ya kweli, na usikubali mtu akuambie kwamba umekuza jambo dogo.

Lile neno lake ni kosa, wala sitalipunguza. Mtu akikubali kusafiri na wewe hajakubali kila kitakachompata njiani. Anakudai radhi huyo, na inabidi umwambie, maana nina hofu hajui kabisa. Wapo watu ambao neno likishawatoka wanaliacha pale pale barabarani. Wewe umelibeba kutoka Namtumbo mpaka Mtwara na umekaa nalo miezi yote hii.

Sasa ile taa. Umeitaja mara moja ukapita haraka, lakini mimi nilisimama hapo kwa muda. Kutoka Namtumbo hadi Songea ni kama kilomita 70. Basi likipita kwenye lami yenye maji linarusha tope lote nyuma, na mwenye pikipiki anayelifuata analipokea usoni. Mumeo angeweza kubaki Namtumbo akanywa chai mpaka mvua ikatike. Angeweza pia kulipita basi akatangulia. Alikaa nyuma ya kioo chako safari nzima. Simsifu kwa uendeshaji huo, ni wa hatari, na kama ningekuwepo ningemzuia. Ila mtu asiyejali hafuati basi kilomita 70 kwenye mvua. Dada yako anakupenda na amekuonea uchungu, lakini yeye ile taa hakuiona.

Nikueleze na jambo ambalo watu wa pikipiki hawaambizani. Anayeendesha ana kazi: mikono inakaza, macho yanatafuta mashimo, mwili wote uko macho na una joto. Wa nyuma amekaa tu. Nguo zikishalowa na upepo ukazipitia, joto linamtoka upesi, na vidole ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi. Mvua ilikuwa moja, baridi zikawa mbili. Isitoshe mlikuwa mnapanda kuelekea Songea, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na mvua ya kule si hii yetu ya pwani ambayo mtu analowa na kukauka akiwa njiani kwenda sokoni. Na kutoka Masasi mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 400. Kwa siku moja, watu wawili, juu ya kiti kile! Mlikuwa mmekwisha kuchoka kabla tone la kwanza halijaanguka. Hapo mngelala Tunduru.

Halafu huko kumgonga mgongoni. Ndani ya helmeti upepo unavuma na mvua inapiga kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Kugongwa mgongoni kunaweza kuwa "simama", kunaweza kuwa "ongeza mwendo tufike", na kwa njia ile ya Tunduru kunaweza hata kuwa "naona tembo". Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukienda kwa ndugu zake Nachingwea kwa pikipiki, kutoka Lindi. Mwaka wa kwanza nilikuwa napiga kelele "simama", yeye anatikisa kichwa kama ameelewa, anaendelea, nami nashuka nimenuna siku mbili. Baadaye tukapatana: nikivuta shati lake ubavu wa kushoto mara mbili, anasimama penye usalama pa kwanza, na hakuna anayeuliza kwa nini mpaka injini izimwe. Ugomvi wa njiani uliisha palepale. Mpaka leo nikiona shati la mwanamume lililovutika pembeni namkumbuka.

Zungumza naye Jumapili, anapoosha pikipiki uani. Chukua kitambaa umsaidie kufuta, kwa sababu mikono ikiwa na kazi maneno mazito hupata njia. Usianze na "wewe siku ile". Mwambie, "Pale Namtumbo vidole vyangu vilikuwa havikunjiki. Nilikuwa nakusubiri wewe unifungue mkanda." Kisha nyamaza, usimjazie jibu. Akikuambia hakujua, mwamini, kwa sababu ya hayo niliyokueleza kuhusu baridi. Lakini lile neno la "si ulitaka mwenyewe" litaje kama alivyolitamka, umwambie bado linakuuma.

Ukimaliza, mwambie kwamba uliiona taa yake. Katika barua yako yote sioni mahali ulipomwambia. Huenda miezi yote hii anadhani alikufuata bure.

Kuhusu Dar mwezi wa nne, jibu langu ni hapana. Unajua mwenyewe mvua za Aprili zinavyokuwa kuanzia Kilwa hadi Rufiji. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na magari yakakwama huku na huku kwa siku kadhaa. Sisi wa zamani tunakumbuka kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tulipokuwa tunavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu na kulala njiani na watoto mgongoni. Daraja limetuondolea adha hiyo, lakini mto ni ule ule, na maji yake yanakusanywa mbali, mengine yanaletwa na mto Luwegu kutoka huko huko upande wa ukweni kwako. Unaweza kukuta jua linawaka na maji yamejaa. Maji yanayopita juu ya barabara yasikanyagwe kwa pikipiki hata kama yanaonekana ya kifundoni.

Kwa hiyo akikuuliza unaenda au unaogopa, mjibu: "Naenda, ila mwezi wa saba." Kusi litakuwa linavuma, lakini barabara itakuwa kavu.

Kabla ya Dar, nendeni Newala mlale usiku mmoja. Nimeichagua kwa makusudi. Mnatoka Mtwara jua linachoma, mkishapanda uwanda wa Makonde hewa inabadilika, na asubuhi mnaamkia ukungu na sweta. Mtapata hali ya hewa tatu kwa safari fupi, na hapo ndipo mtajua kama mmepatana kweli. Yeye aangalie barabara, wewe uangalie mbingu. Suala la mvua liwe lako: ukivuta shati, anasimama. Makoti ya mvua yavaliwe wingu likiwa bado mbali, kwa sababu ukilivaa umeshalowa unafungia maji ndani. Nguo kavu za kubadilisha, zako na zake, zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, juu kabisa ya mzigo, zisiwe chini ya zawadi za watu. Mvua ya kwanza baada ya vumbi ndiyo mbaya kuliko zote, lami inakuwa na utelezi wa mafuta na udongo. Subirini ipige kwanza na kuosha. Na radi zikianza msijibanze chini ya mkorosho. Najua ndiyo mti uliojaa njia nzima na kivuli chake kinavutia, lakini tafuteni duka, shule, kibaraza cha mtu. Kwetu huku hakuna atakayewafukuza.

Akikataa mpango huu, akasema yeye ndiye dereva na wewe ni abiria tu, panda basi bila aibu yoyote. Mwambie mtakutana huko mnakokwenda. Mtu anayebeba roho yako mgongoni kwake lazima akubali kusimama unapomwomba. Sidhani atakataa. Lakini kama atakataa, niandikie tena, maana hapo tutakuwa na mazungumzo mengine.

Mkifika Newala, mwombe akupeleke Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda, asubuhi ukungu ukiwa unaanza kuondoka. Bonde la Ruvuma linafunuka polepole, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mkishuka kwenye pikipiki, hata kama vidole vyako vina joto na vinafanya kazi vizuri, usiufungue ule mkanda. Inua kidevu umsubiri yeye.