Maswali na Majibu: Mpwa wangu amefaulu kijijini. Mkopo, skolashipu au mlezi, nianze na kipi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amemaliza kidato cha sita huko Buhigwe, Kigoma, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na amepata divisheni wani. Baba yake alishafariki, na mama yake yuko kwenye TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Anataka udaktari. Hapa Dar kila mtu ananiambia lake: mmoja anasema tuombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, mwingine anasema kuna skolashipu ya wenye ufaulu kama wake, na mzee mmoja wa kanisani kwetu, mhasibu mstaafu, amejitolea kuwa mlezi wake, yaani wa kumshika mkono na kumshauri. Kuna pia kijana anadai laki na nusu amuunganishe na wafadhili wa nje. Dada mwenyewe akisikia neno mkopo anatetemeka. Vitu hivi vinafanyaje kazi, na nianze na kipi?

JIBU: Marahaba fundi, na hongera kwa binti. Kwanza nimalizane na huyo kijana: msimpe hata mia. Ufadhili wa kweli hutangazwa wazi na Wizara ya Elimu, vyuo au balozi, na mwombaji hujaza mwenyewe. Anayekuuzia koneksheni anakuuzia fomu ambayo binti angeijaza bila yeye.

Hayo matatu yaliyobaki hayagombani. Mkopo unalipa, skolashipu inalipa, na mlezi anahakikisha malipo yanamfikia mwenyewe. Ila ukiniuliza uanze na kipi, nitakwambia anza na vyeti. Mtoto wa kijijini mwenye wani mtihani ameshaumaliza. Anapotelea kwenye miezi ya katikati, baada ya matokeo kutoka na kabla ya vyuo kufunguliwa. Hapo kuna madirisha ya maombi yanafunguliwa na kufungwa, yote ya mtandaoni, na steshenari yenye kompyuta iko senta, safari ya bodaboda ambayo nauli yake ni hela ya mboga ya siku kadhaa.

Cheti cha kuzaliwa Bodi ya Mikopo haikipokei hivi hivi. Sharti kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kifo cha baba nacho ni vilevile, na hicho kwa binti yenu kina uzito wa pekee, maana ndicho kinachothibitisha kwamba amefiwa na mzazi. Familia nyingi hazina. Marehemu alizikwa shambani, watu wakaanua matanga, hakuna aliyeona haja ya karatasi. Kama dada yako hanacho, aanze leo kwa mtendaji wa kijiji, kisha aende kwa msajili wa wilaya. Namba ya kaya ya TASAF aitafute hapo hapo, na aiandike mahali.

Halafu mwambieni binti apange vyeti vyake mezani kimoja kando ya kingine, asome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo ninapoona machozi kila mwaka. Jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa ni Yusufu, kwenye cha kidato cha nne ni Yusuph, kwenye kitambulisho cha taifa NIDA wameandika Yusuf. Kwenu ni mtu yule yule, ila kwenye mfumo wanaonekana watu watatu. Tofauti ndogo ya herufi kwa kawaida hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo haitoki kwa siku moja. Kwa hiyo jambo hili lisisubiri dirisha lifunguliwe.

Sasa tuje kwenye hofu ya dada yako. Huko vijijini na hata hapa Dar, watu wamechomwa na mikopo ya kausha damu, ile unayokopa Jumatatu na Ijumaa wanabeba godoro. Simlaumu. Mweleze kwamba mkopo wa Bodi ni kitu kingine. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na deni ni la mwanafunzi. Shamba la mama haliwekwi rehani. Anapewa miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa inalivimbisha deni ilifutwa mwaka 2021. Ni deni, ndiyo, tusimdanganye. Lakini halibebi godoro la mama.

Skolashipu uliyoambiwa nadhani ni ile ya Samia, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Hiyo ni ruzuku, hairudishwi, na inawalenga waliofanya vizuri kupindukia kwenye masomo ya sayansi. Divisheni wani peke yake haitoshi, kwa sababu wani zina pointi, na huko juu wanabanana sana. Afuatilie matangazo, na asiache kuomba mkopo kwa kuitegemea. Nimeona familia ikikaa kusubiri skolashipu mpaka dirisha la mkopo likafungwa, ikakosa vyote viwili.

Fomu ya mkopo inajazwa mtandaoni, kisha inachapwa na kusainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya kijiji, na wakili au hakimu. Kurasa zenye sahihi zinaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Waombaji wengi huishia hapo katikati: wamejaza, wamelipia, wamechapa, kisha karatasi inabaki kwenye bahasha nyumbani kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kazi haijaisha.

Na simu. Binti asiye na laini yake huandika namba ya kaka wa steshenari. Miezi miwili baadaye amechaguliwa vyuo viwili, na TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, inamtaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe unaingia kwenye simu ya kaka wa steshenari, ambaye kwa wakati huo ana wateja arobaini na wala hakumbuki ni nani. Kabla hamjafanya lolote jingine, hakikisha binti ana laini aliyoisajili kwa jina lake mwenyewe. Hata kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, kinatosha kupokea ujumbe.

Kuhusu mlezi. Huyo mzee wa kanisani mpokeeni kwa mikono miwili, anafaa kuwa mdhamini na kumfundisha binti kugawa hela. Ila mhasibu aliyesoma zamani hajui mfumo wa maombi wa leo unagoma wapi. Mtafutieni mlezi wa pili, msichana aliye mwaka wa pili au wa tatu wa udaktari, ikiwezekana naye ametoka mkoani. CAMFED, shirika lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005, linafanya kitu cha namna hiyo mashuleni: wasichana waliosaidiwa kusoma wanarudi kuwaongoza wadogo zao. Naamini utaratibu huo unafanya kazi kwa sababu dada aliyelala njaa mwaka juzi anajua utalala njaa wiki ya ngapi.

Huyo dada ndiye atakayemwambia binti madesa, yaani noti, ya mwaka jana yanapatikana kwa nani, mhadhiri yupi anatunga kutoka kwenye slaidi, na kwamba sapu moja, yaani mtihani wa marudio, haimaanishi disko, yaani kuondolewa chuoni. Ndiye atakayemzoesha kunyoosha mkono darasani kwa Kiingereza, maana wengi wao wamesoma shule ambayo Kiingereza kilikuwa cha ubaoni tu. Haya yanaonekana madogo, lakini mkopo wa mwaka unaofuata unategemea ufaulu wa mwaka uliopita. Ukimwacha afeli kwa aibu ya kuuliza, hela nayo inasimama.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa ni binti na mlezi ni mwanaume mtu mzima: mazungumzo yao mama ayajue, namba wewe uwe nayo, na wakikutana iwe hadharani. Mzee mwenye nia njema hatachukia.

Wewe fundi, usijikamue kulipa ada. Weka akiba yako kwa ajili ya mwezi wa kwanza. Bumu, yaani hela ya kujikimu ambayo tangu mwaka 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, haliingii siku anayoshuka Stendi ya Magufuli. Kuna usajili, kuna bima ya afya, kuna vitambulisho, na akikosa hosteli kuna mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mkononi. Akipangiwa Muhimbili, kumbuka chuo kiko Upanga, na Upanga si Keko. Kodi ya kule itakutoa jasho. Mkiweza kumhifadhi kwenu wiki za mwanzo, mmemsaidia kuliko mfadhili yeyote.

Udaktari wenyewe ni miaka mitano na nafasi ni chache kuliko wenye sifa, kwa hiyo asiweke chuo kimoja. Aweke na Dodoma, Bugando, KCMC, na ndani ya orodha iwemo famasia au uuguzi.

Majina ya mkopo yakitoka, yanatoka kwa awamu, msikate tamaa na awamu ya kwanza. Akikosa kabisa au akipewa kidogo, Bodi hufungua dirisha la rufaa. Hapo ndipo cheti cha kifo na namba ya TASAF vinapotazamwa upya, kama vilisahaulika kuambatishwa. Vyeti vikishakaa sawa, niandikie tena ukitaja vyuo alivyochagua na pointi zake, tuupitie mpangilio kabla awamu ya kwanza ya udahili haijafungwa.