Mlonge na maji ya ziwa

Pole dada wa Igombe. Umeuliza kama unga wa mbegu za mlonge, ulioona mtandaoni, unatosha kusafisha maji ya ziwa wanayokunywa watoto. Peke yake hautoshi. Unavuta tope kweli: koroga, acha saa 1 au 2, utaona mabonge laini yametulia chini ya ndoo. Lakini maji kung'aa si kwamba vijidudu vimekwisha. Chuja kwa kitambaa safi, chemsha mpaka yatokote, yatumieni siku hiyohiyo, maana mabaki ya mbegu hulisha bakteria.

Ya kuoga yakae siku 2 kwenye ndoo yenye mfuniko. Vimelea vya kichocho hufa.

Mtoto akipata choo chenye damu, tafadhali usimpe mizizi ya mlonge. Mpeleke kituo cha afya akapimwe.