Ukifika Oxford, Vuka Daraja Ndipo Ule

Wiki yangu ya kwanza Oxford nilikula vibaya na kwa bei mbaya. Nilikuwa nimekuja kusoma shahada ya uzamili, hela zenyewe za kuhesabu, na Jumamosi nikasema leo ngoja nijipongeze. Nikaingia mgahawa mmoja katikati ya mji, madirisha yake yanatazama yale majengo ya mawe ya rangi ya asali. Nikaagiza kuku. Kikaja kipaja kikavu, viazi vitatu na majani mawili. Bili nayo ikaja na asilimia 12.5 ya huduma juu yake. Nikalipa kimya, nikatoka na njaa yangu. Naandika haya kwa ajili yako unayekuja kusoma, kutembea au kumwona ndugu, usianze kama nilivyoanza mimi.

Hiyo ada ya huduma kwanza. Soma maandishi madogo chini ya menyu. Ikiwa imeandikwa ni hiari, basi ni hiari kweli: mwambie mhudumu kwa upole aitoe, ataitoa. Na ukiulizwa unataka maji gani, sema ya bomba. Sehemu yenye leseni ya kuuza pombe inywewe hapohapo inalazimika kisheria kukupa maji ya bomba bure, na ni salama kabisa. Watu wetu wengi huona aibu kuomba, wanaishia kulipia chupa.

Sasa chakula chenyewe. Katikati ya mji sehemu ninayokutuma bila wasiwasi ni soko la ndani, Covered Market, unaloingia kutoka High Street au Market Street. Lilifunguliwa mwaka 1774 ili kuziondoa barabarani meza za wauza nyama na samaki zilizokuwa zikichafua mji. Aliyelichora, John Gwynn, ndiye aliyechora pia daraja la Magdalen, ambalo nitakuvusha baadaye. Mpaka leo utakuta bucha, wauza maua, jibini, viatu, na katikati yake vibanda na migahawa midogo ambako mwanafunzi na mzee wa mji wanakaa meza moja. Biskuti za Ben's Cookies zilianzia humu miaka ya 1980, na harufu yake utaipata kabla hujakiona kibanda. Nunua moja ikiwa bado ya moto, iliyopikwa kwa namna ambayo katikati haijakauka, chokoleti inakuchafua vidole. Kwa siku ya baridi na mvua ya rasharasha sijui kitu kizuri zaidi ya hicho. Ila ndugu zangu Waislamu, soseji zenye jina la mji huo, Oxford sausage, kwa asili ni nyama ya nguruwe na ya ndama. Uliza kabla ya kuonja.

Kuanzia Jumatano hadi Jumamosi kuna pia soko la wazi pale Gloucester Green, karibu na stendi ya mabasi yaendayo London. Mabanda ya vyakula vya dunia nzima yanapanga mstari, na kwa pauni 7 au 8 za wakati wangu nilikuwa napata sahani ya kunishibisha hadi usiku. Viti vya kukalia ni vichache. Utakula umesimama.

Lakini ukitaka kula kama mtu aliye nyumbani, vuka daraja. Kutoka katikati ya mji teremka na High Street, huhitaji kupanda basi, ni kama dakika 15 kwa miguu. Utapita chini ya mnara mrefu wa chuo cha Magdalen. Wenyeji hulitamka Modlin, usije ukauliza njia kwa kulisoma lilivyoandikwa wakakushangaa. Vuka mto Cherwell, utafika kwenye mzunguko uitwao The Plain. Barabara tatu zinagawanyika hapo. Shika ya katikati. Hiyo ndiyo Cowley Road.

Barabara hiyo ina historia yake. Mwaka 1913 William Morris alianza kutengeneza magari kule Cowley, na kiwanda kilipokua kilivuta wafanyakazi kutoka kila upande, kwanza Waingereza na watu wa Wales, kisha baada ya vita watu wa Karibi, Pakistan na eneo ambalo leo ni Bangladesh. Wengine waliendesha mabasi, wengine wakafanya kazi hospitalini. Watu wakija na familia, maduka ya viungo huwafuata, na migahawa huyafuata maduka. Ndiyo maana upande huu wa mto unapata biriani, mishikaki ya Kituruki, mikate ya Kilebanoni, samaki wa kukaanga na pilipili ya kweli ndani ya hatua chache. Wateja wengi ni wakazi wa hapohapo. Mgahawa unaomlisha jirani yake kila wiki hauwezi kumpikia ovyo, atahamia mlango wa pili. Ule wa katikati ya mji ulionilisha kipaja kikavu ulijua sitarudi, na hata nisiporudi basi la watalii litashusha wengine.

Kuhusu halali, usitosheke na neno lililobandikwa dirishani. Uingereza kuna zaidi ya taasisi moja inayothibitisha. HMC (Halal Monitoring Committee) haikubali mnyama apigwe ganzi kabla ya kuchinjwa. HFA (Halal Food Authority) inakubali ganzi isiyomuua. Jua wewe unafuata lipi, kisha uliza wazi. Sijawahi kukutana na mwenye duka Cowley Road aliyekasirika kuulizwa. Wengine walinitolea cheti. Kwenye chipsi uliza mafuta, kwani zipo sehemu za Uingereza, hasa kaskazini, wanaokaangia shahamu ya ng'ombe. Ukitaka kuswali, msikiti mkubwa uko Manzil Way, kando ya barabara hiyohiyo, kwa hiyo chakula na sala unavipata pamoja.

Angalia pia stika ya usafi mlangoni, ya kijani na nyeusi, yenye namba kuanzia 0 hadi 5. Kwa England mwenye mgahawa halazimiki kuibandika. Aliyepata 5 ataibandika mahali pa kuonekana. Usipoiona popote, jiulize kwa nini, na unaweza kuitafuta namba yake kwenye intaneti ukiwa umesimama palepale nje.

Saa nazo ziliniadhibu. Sisi tumezoea kula usiku saa tatu, nne, na mama lishe yupo. Baa nyingi za kule hufunga jiko mapema, mara nyingi kufikia saa tatu usiku, hata kama vinywaji vinaendelea. Mlo wako mkubwa ufanye mchana. Ukichelewa, tafuta magari ya kebabu yanayoegeshwa katikati ya mji jioni, kama lile la Hassan pale Broad Street. Chipsi za jibini na hamasi, ile rojo ya dengu ya Kiarabu, ndiyo zilikuwa chakula changu cha usiku wa mitihani, na sioni haya kuwashukuru watu wale waliosimama kwenye baridi wakitulisha.

Turf Tavern, ile baa iliyojificha kwenye kichochoro karibu na Bridge of Sighs, nenda ukaione. Unaagiza kaunta, hakuna anayekuja mezani kukuchukulia oda. Kwa chakula, mimi bado nakupeleka ng'ambo.

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga ilikuwa mwisho wa Aprili. Nikamwamsha gizani tarehe 1 Mei, kwa sababu kila mwaka siku hiyo, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwaya ya Magdalen huimba juu ya ule mnara, na mji mzima husimama chini kusikiliza. Mama akasimama kajifunga khanga juu ya koti, kichwa kakiinua, hasemi. Walipomaliza akaniambia, "Kumbe nao wana maulidi yao."

Asubuhi hiyo migahawa hufungua alfajiri. Tukavuka daraja pamoja na umati hadi kwenye tanuri moja la mikate ya Kilebanoni. Mkate ukaja umepakwa zatari, ile viungo ya majani makavu ya Waarabu, na mafuta ya zeituni, ufuta umeshikana juu, kingo zimebabuka kidogo. Mama akaukata kwa mkono, akanusa, akala kipande bila chochote. Kisha akamwita kijana wa kaunta, "Mwanangu," akamsemesha Kiswahili kana kwamba yuko Ngamiani kwetu Tanga, akimwonyesha kikombe. Kijana akacheka, akaelewa. Akaleta chai ya pili, na mkate mwingine ambao hatukuuagiza, akakataa kuulipisha.