Mbegu za Ivysaur: achia kitufe kabla hujatamani kukiachia

Ndugu uliyeuliza kwa nini mbegu za Ivysaur, yule mnyama wa Pokémon kwenye gemu la mapigano la Super Smash Bros. Ultimate, hazimpati mpinzani hata ukikishikilia kitufe cha B mpaka kidole kinauma, kosa hilo hilo liliniondoa kwenye kiti jioni nyingi katika banda la gemu la hapa Mwanga, Kigoma, ambako aliyeshindwa humpisha anayesubiri na kurudi nyuma ya foleni.

Tatizo ni kwamba unaichukulia Bullet Seed, yaani shambulio hilo la mbegu, kama bunduki. Katika Ultimate mbegu hazirushwi mbele: Ivysaur huinama, akalielekeza chipukizi la mgongoni mwake juu, na mbegu zikatoka mfululizo kama bisi kwenye sufuria isiyofunikwa. Pigo la kwanza ni la karibu sana, na kazi yake ni kumnyanyua adui na kumwingiza kwenye mkondo wa mbegu. Adui asiyeguswa na pigo hilo, akiwa amesimama chini hatua chache mbele yako, mbegu zinampita juu, nawe umebaki umeinama bila uwezo wa kuinua ngao wala kuruka. Sijui kosa lingine la bei ghali kuliko hilo kwa mnyama mzito wa kusogea kama huyu.

Jina lenyewe linachangia kutupotosha. Katika michezo ya Pokémon shambulio hili hupiga mara 2 hadi 5 kwa bahati, na mchezaji hana usemi. Huku kwenye Smash anayeamua urefu wake ni kidole chako. Ukigonga kitufe mara moja hutoka mbegu chache, ukikishikilia zinaendelea mpaka zifike kikomo, na ukikiachia Ivysaur huchukua muda kidogo kujiweka sawa. Muda huo mdogo ndio anaousubiri mpinzani mwerevu.

Mimi nilifundishwa na kijana mmoja wa Ujiji aliyekuwa akimchezea Fox, mpiganaji mwingine wa gemu hili. Nilikuwa nikimnyanyua vizuri kabisa, namba ya madhara yake inapanda, nami natabasamu. Kumbe yeye anakisukuma kijiti cha pedi upande mmoja, tena na tena, akijivuta taratibu kutoka kwenye mkondo, kisha anashuka kando yangu na kunipiga nikiwa bado namwaga mbegu hewani. Siku moja feni ya banda ilikuwa imezimwa, nikakisikia kijiti chake kikigonga ukingo wa plastiki: tik, tik, tik. Tangu hapo nikawa naachia kitufe mara tu ninaposikia mlio huo, naye akawa anashuka akinikuta nimekwisha simama. (Aliponigundua alianza kukisukuma polepole, lakini kwa kasi hiyo hatoki.) Mahali penye kelele, tazama mwili wa adui badala ya namba: akianza kuegemea ukingo wa mkondo, achia.

Kwa hiyo usiingie nayo vitani. Iweke kwa ajili ya adui aliyepiga hewa akiwa amekugusa bega, au anayekushukia kutoka juu moja kwa moja. Kwa umbali wa kati yapo majani ya Razor Leaf, shambulio lake jingine, na ukiona pambano halimfai Ivysaur, bonyeza chini pamoja na B umlete Charizard, mwenzake anayepokezana naye. Wale waliozoea Brawl, toleo la Smash la mwaka 2008, huogopa kukaa muda mrefu na mnyama mmoja kwa sababu kule alichoka na mapigo yake yakapungua nguvu. Katika Ultimate uchovu huo umeondolewa.

Leo usiku fungua sehemu ya mazoezi, mwache adui asimame tu, kisha msogelee nusu hatua kwa nusu hatua ukigonga B kila unaposimama. Pale anaponyanyuka kwa mara ya kwanza ndipo umbali wako. Utashangaa ulivyo mfupi.